Kuondolewa mafindofindo ukubwani: nitegemee nini katika wiki mbili za kwanza?

Mwalimu wa Kongwa

Mbukwenyi ndugu zangu wa Dodoma na nyote mnaosoma. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Kongwa, nina umri wa miaka 34, na tangu nikiwa chuoni nimesumbuliwa na mafindofindo, ambayo wengi wetu tumezoea kuyaita tonsesi. Mwaka jana pekee koo lilinishika mara saba, na kila mara hali ilikuwa ileile: homa, tezi za shingo kuvimba, kushindwa kumeza hata mate, kisha siku tatu au nne za kukosa vipindi huku wenzangu wakinishikia darasa. Amoksilini nimekwisha kuzinywa hadi nimepoteza hesabu, na sindano nimechomwa. Mwezi wa pili mwaka huu koo lilivimba upande mmoja mpaka nikashindwa kufungua kinywa. Hospitalini waliniambia kwamba ni jipu lililojitunga pembeni mwa findo, wakalitoboa, wakatoa usaha, na nikalazwa siku mbili nikipewa dawa kwa dripu.

Baada ya hapo nilipewa rufaa ya kumwona daktari bingwa wa masikio, pua na koo mjini Dodoma. Alinipima, akasoma kumbukumbu zangu, akashauri mafindofindo yote mawili yaondolewe. Tumepanga iwe mwezi wa sita shule zitakapofungwa. Alinieleza vizuri hatari na faida, lakini foleni ilikuwa ndefu, nami kwa woga sikuuliza hata nusu ya niliyokuwa nayo moyoni.

Uamuzi wa kufanyiwa upasuaji nimekwisha kuufikia. Ninachoomba kwenu ni kuelezwa siku zenyewe zitakavyokuwa. Watu wananiambia kwamba mtoto akiondolewa mafindofindo siku ya nne anacheza, ila mtu mzima hutaabika sana. Je, ni kweli, na kwa nini? Nitakula nini? Nikiruhusiwa kutoka wodini, nirudi nyumbani Kongwa au nibaki kwa dada yangu Nkuhungu, hapo mjini Dodoma? Tena liko jambo la bibi yangu mzaa mama, ambaye anashikilia kwamba taabu yangu yote imetokana na kutokatwa kimeo nilipokuwa mdogo, na angependa nipelekwe kwanza kwa mzee mmoja wa kijijini kwetu anayekata. Bibi ndiye aliyenilea, na nisingependa kumjibu kwa pupa. Mwenye maelezo ambayo mtu mzima kama yeye atayapokea, naomba anisaidie.

Mkulima wa Zabibu, Hombolo

Mbukwenyi mwalimu, na pole kwa kuugua. Mimi niliondolewa mafindofindo miaka mitatu iliyopita nikiwa na umri wa miaka 41, na nitakusimulia siku kwa siku, maana wakati wangu nilitafuta mtu wa kunisimulia hivyo nikamkosa.

Nililazwa siku moja kabla. Walinitoa damu kupima wingi wake, kundi lake na jinsi inavyoganda, wakanipima na selimundu. Mtaalamu wa usingizi alikuja kitandani kuniuliza kama nina jino linalotikisika, kama nina mzio wa dawa yoyote, kama navuta sigara, na kama natumia dawa za miti shamba. Swali hilo la mwisho usilione dogo: zipo dawa za asili na hata za dukani, asipirini ikiwamo, zinazoifanya damu ichelewe kuganda, na yeye anapaswa kuzijua zote. Niliambiwa nisile chochote kuanzia saa sita usiku. Asubuhi nilitia saini karatasi ya ridhaa, nikapelekwa chumba cha upasuaji, nikapewa nusu kaputi. Nilipofumbua macho nilidhani hawajaanza, kumbe kazi ilikuwa imekwisha na haikufika hata saa moja. Kila kitu hufanyika kupitia kinywani, kwa hiyo usitegemee kuona mshono wala kovu shingoni.

Siku ile ya kwanza ndiyo iliyonipotosha. Koo liliuma, lakini si kwa kiasi nilichokuwa nimekiogopa, kwa sababu dawa nilizopewa chumba cha upasuaji zilikuwa bado zinafanya kazi mwilini. Nilimpigia simu mke wangu nikamwambia kwamba wiki itakayofuata nitakuwa shambani kukata matawi ya mizabibu. Siku ya pili niliruhusiwa. Siku ya tatu maumivu yalianza kupanda, na kati ya siku ya nne na ya saba yalikuwa makali kuliko siku ya upasuaji yenyewe. Kama hakuna aliyekueleza hivyo utadhani kwamba jambo limeharibika ndani, nami nilidhani hivyo. Masikio yote mawili yaliniuma kana kwamba yametunga usaha, ingawa yalikuwa mazima kabisa. Shingo ilikakamaa, ulimi ulikuwa na ganzi upande mmoja kwa siku kadhaa, na kimeo kilivimba hadi nikawa nahisi kitu kimening'inia kooni nisichoweza kukimeza.

Saa mbaya kuliko zote ni alfajiri. Usiku unalala mdomo wazi, hewa ya Dodoma ni kavu, na kama utafanyiwa mwezi wa sita utakutana na baridi na ule upepo wetu wa kiangazi wenye vumbi; unaamka koo limekauka kama ngozi iliyoanikwa, na dawa ya jioni imekwisha nguvu. Funda la kwanza la maji linakutoa machozi. Nilipata nafuu nilipoanza kutega simu iniamshe saa nane usiku ili ninywe dawa na maji, kisha nilale tena nikiwa nimeinua kichwa kwa mito miwili. Mke wangu alikuwa akitundika taulo lililoloweshwa karibu na kitanda, na beseni la maji likikaa chumbani usiku kucha. Sijui kama mtaalamu atalisifu jambo hilo la taulo, lakini mimi lilinifaa.

Kuhusu chakula, siku tatu za mwanzo nilikunywa uji wa ulezi uliopoa, maziwa, na mchuzi wa kuku usio na pilipili. Baadaye nikaanza ugali laini wa mtama kwa mlenda, na hapo nilimshukuru Mungu kwa kuzaliwa Mgogo, kwa sababu sijaona mboga inayopita kooni kwa urahisi kama mlenda. Ndizi za kuponda, viazi vilivyosagwa, mayai ya kuvuruga, tikiti maji, barafu ya kumumunya, vyote vilipita. Mimi nalima zabibu, lakini juisi ya zabibu zangu mwenyewe iliniunguza koo mpaka nikaitema. Ubuyu, machungwa, ndimu na nyanya mbichi vilikuwa hivyohivyo. Mihogo ya kukaanga, karanga na chapati ngumu viache kwanza.

Siku ya tisa niliamka nikagundua kwamba nimemeza mate bila kujiandaa. Siku ya kumi na moja nilikula chakula cha nyumbani pamoja na wenzangu. Nilikuwa nimepungua kilo nne, ambazo zilirudi ndani ya mwezi mmoja. Tangu siku ile nimepata mafua na koo kuwasha kama mtu yeyote, lakini ile homa ya kunilaza kitandani mara tano au sita kwa mwaka haijanirudia.

Muuguzi, wodi ya upasuaji, Dodoma Mjini

Dada mwalimu, pole, na hongera kwa kuuliza mapema. Kaka wa Hombolo ameeleza hali ilivyo. Mimi nitaongeza sababu za mambo hayo, kwa kuwa mgonjwa anayeelewa kinachotokea kooni mwake huvumilia vizuri zaidi na hujua lini asivumilie.

Ni kweli kwamba mtu mzima huumia zaidi kuliko mtoto na huchelewa zaidi kupona. Kila maambukizi yanapopita huacha kovu, na findo lililougua kwa miaka kumi na tano huwa limeshikamana na msuli ulio nyuma yake, tofauti na la mtoto ambalo hubanduka kwa urahisi. Wewe uliyewahi kupata jipu pembeni mwa findo utakuwa na kovu zaidi upande huo, na huenda upande huo ukauma kuliko mwingine. Maumivu ya sikio husababishwa na mshipa wa fahamu unaohudumia koo ambao una tawi linalofika sikioni, hivyo ubongo hupokea habari za koo ukadhani ni za sikio. Usiweke matone yoyote sikioni.

Pale mafindofindo yalipokuwa hubaki vidonda viwili vilivyo wazi, ambavyo havishonwi kama jeraha la tumbo. Baada ya saa kadhaa hufunikwa na utando mweupe au wa rangi ya kijivu unaokaribia njano. Watu wengi hurudi wodini wakiwa na hofu kwamba wametunga usaha, na wengine hujinunulia dawa za kuua bakteria katika duka la dawa, lakini utando huo ndio kigaga cha kidonda cha kinywani, ambacho hakiwezi kuwa kikavu na cheusi kama cha mguuni kwa sababu kimelowa muda wote. Kinywa hutoa harufu mbaya siku hizo, na joto la mwili linaweza kupanda kidogo siku mbili za mwanzo. Usikikwangue kigaga kwa mswaki, kijiko wala kidole. Piga mswaki taratibu kama kawaida, na kusukutua kuwe kwa upole, bila kugugumiza maji kwa nguvu nyuma ya koo.

Sasa naomba usome hapa polepole. Kutokwa na damu kunakohusiana na upasuaji huu huja katika vipindi viwili. Cha kwanza ni saa 24 za mwanzo, na hicho hatukiogopi sana kwa sababu kwa kawaida bado uko karibu nasi. Cha pili ni pale vigaga vinapobanduka, kwa kawaida kati ya siku ya tano na ya kumi, na hicho humkuta mtu akiwa nyumbani, maumivu yameanza kupungua, na yeye ameanza kujiona mzima. Watu wazima hutokwa na damu zaidi kuliko watoto. Mate yenye mistari ya rangi ya waridi asubuhi yanaweza kuwa kitu kidogo, lakini ukitema damu nyekundu mbichi, ukitema mabonge, au ukijikuta unameza kitu chenye ladha ya chuma mara kwa mara, usisubiri kuche na usijaribu kulala. Kaa wima, inama mbele, tema badala ya kumeza, na uende hospitali yenye chumba cha upasuaji wakati huohuo, hata kama damu imekatika njiani. Damu iliyokatika yenyewe mara nyingi ni onyo la nyingine kubwa zaidi.

Kwa sababu hiyo jibu langu kuhusu Kongwa na Nkuhungu ni kwamba ubaki Nkuhungu, si kwa siku tatu bali kwa wiki mbili kamili. Kutoka Kongwa hadi mjini ni zaidi ya kilomita 80, na usafiri wa saa nane usiku haupatikani kwa kupiga mluzi. Ukiwa Nkuhungu unaweza kufika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Hospitali ya Benjamin Mkapa kwa muda mfupi. Kabla hujaruhusiwa, uliza ni hospitali gani unayopaswa kukimbilia usiku na uchukue namba ya simu ya wodi, na kundi lako la damu liandikwe kwenye karatasi unayotembea nayo.

Dawa za maumivu zinywe kwa saa, usisubiri maumivu yakushinde ndipo uzitafute. Parasetamoli kwa mtu mzima mwenye uzito wa kawaida na ini zima ni vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa siku, na ukumbuke kwamba dawa nyingi za mafua nazo zina parasetamoli ndani. Daktari anaweza kukuandikia na ibuprofeni au diklofenaki; mweleze kama una vidonda vya tumbo, pumu au tatizo la figo. Asipirini usiiguse kabisa katika siku hizo. Kunywa dawa kama nusu saa kabla ya chakula, kisha ule wakati imeanza kufanya kazi. Kula ni sehemu ya tiba, si anasa ya kungojea mpaka upone: kutafuna na kumeza hufanya misuli ya koo ifanye kazi na kidonda kisafike, na asiyekunywa maji kwa kuogopa maumivu huishia na koo kavu linalouma maradufu. Mkojo ukiwa wa njano iliyokolea, maana yake hujanywa vya kutosha.

Jambo la bibi. Wengi wa wazee wetu wa Dodoma na Singida waliamini, na wapo wanaoamini hadi leo, kwamba kikohozi kisichokwisha na kutapika kwa mtoto hutokana na kimeo kirefu. Mwambie bibi kwa heshima kwamba kimeo na mafindofindo ni vitu viwili tofauti: kimeo ni kile kinyama kimoja kinachoning'inia katikati, ambacho husaidia katika kumeza na kutamka, na mafindofindo ni mawili, yamekaa pembeni, kulia na kushoto. Mwombe afungue kinywa mbele ya kioo, umwoneshe kwa tochi. Ugonjwa wako uko pembeni, hivyo hata kimeo kingekatwa, jipu lile lingekuja tu. Tena wodini tumepokea watoto waliokatwa vimeo kwa kifaa kisichochemshwa wakiwa wameishiwa damu au wameingiwa na maambukizi makali, na pepopunda nayo ni hatari ya kweli. Wazee wengi hukubali wanapooneshwa, kwa sababu nia yao tangu mwanzo ni uzima wa mjukuu.

Mama wa Mpwapwa

Mwanangu mwalimu, nimesoma maneno ya muuguzi kuhusu siku ya tano hadi ya kumi nikaona ni lazima niandike, kwa kuwa mimi yalinipata.

Nilifanyiwa upasuaji mjini nikiwa na miaka 47, kwa sababu ya kukoroma na kukatika pumzi usingizini; mafindofindo yangu yalikuwa makubwa kiasi kwamba yalikuwa yanagusana. Kila kitu kilikwenda vizuri. Siku ya tano nilijiona nina nguvu, na kwa kuwa nyumbani kulikuwa na shughuli ya mahari ya binti wa mdogo wangu, nilipanda basi nikarudi Mpwapwa. Niliambiwa nikae jirani na hospitali, nakiri. Lakini niliambiwa haraka haraka pamoja na mambo mengine kumi, na sikuelewa kwamba hilo lilikuwa zito kuliko mengine.

Siku ya nane, usiku wa saa saba, niliamka nikiwa na ladha ya chumvi mdomoni. Nilidhani ni mate. Niliwasha taa nikaona mto ni mwekundu. Nilisukutua maji baridi, ikapungua, nikarudi kulala, na hapo ndipo nilipokosea. Baada ya saa moja nilitapika damu nyeusi nyingi, kumbe nilikuwa nikiimeza usingizini. Mume wangu alihangaika kupata gari. Hospitali ya karibu walinitundikia dripu, wakanipa dawa, wakaniweka kwenye gari la wagonjwa kuelekea Dodoma, na safari ile ya zaidi ya kilomita mia moja nikiwa nimeinamia beseni siwezi kuisahau. Nilirudishwa chumba cha upasuaji alfajiri, wakaufunga mshipa uliokuwa ukivuja, nikaongezewa chupa mbili za damu. Nilipona, na leo nalala usiku mzima bila kukoroma. Mume wangu ndiye shahidi. Sijutii upasuaji hata kidogo. Ninachojutia ni lile basi.

Kwa hiyo, mwanangu, katika siku hizo usiende kwenye sherehe yoyote, usibebe ndoo ya maji kichwani, usiiname juani kwenye shamba la karanga, na usilale chumbani peke yako. Mtu mmoja wa nyumbani ajue siku unayohesabu. Mimi laiti ningekuwa nimeandika tarehe ukutani, mume wangu angeniuliza mapema.

Mtumishi wa Mtumba

Nachangia kwa upande mwingine kidogo, kwa ajili ya wengine watakaosoma hapa wakiwa hawajafikia hatua ya mwalimu. Mimi nilikwenda kwa daktari bingwa nikiwa nimeshaamua kwamba nataka yaondolewe, lakini tulipohesabu pamoja tukaona kwamba nilikuwa nimeugua kwa kiwango kile mara tatu tu katika mwaka mmoja, na mwaka uliotangulia mara moja. Alinieleza kwamba kipimo kinachotumika sana ni mara saba au zaidi ndani ya mwaka mmoja, au mara tano kila mwaka kwa miaka miwili mfululizo, au mara tatu kila mwaka kwa miaka mitatu, na kwamba kukwaruza kwa koo kunakoletwa na mafua hakuhesabiwi. Akaniambia nianze kuandika kila tukio kwenye daftari, na koo linapokuwa limeambukizwa bakteria nimalize dozi yote ya penisilini, siku kumi, badala ya kuacha siku ya tatu nikipata nafuu, kwa kuwa bakteria wa koo wasiotibiwa sawasawa wanaweza kuleta homa inayoharibu milango ya moyo. Mwaka uliofuata niliugua mara moja. Sikukatwa.

Nilisoma pia habari za utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2023, ambao ulihusisha wagonjwa 453 wa miaka 16 na kuendelea katika hospitali 27. Katika miaka miwili, nusu ya walioondolewa mafindofindo waliumwa koo siku zisizozidi 23, na kwa wale walioendelea kutibiwa bila upasuaji kiwango hicho kilikuwa siku 30. Faida ipo, na siku zile za kuuguza kidonda zimo ndani ya hesabu, lakini takribani mmoja kati ya watano waliopasuliwa alipata tukio la kutokwa na damu, dogo au kubwa. Kwa mtu aliyeugua mara saba kwa mwaka na kupata jipu juu yake, kama mwalimu, naona mizani iko wazi. Kwa mtu wa aina yangu haikuwa wazi, na nafurahi kwamba daktari hakuona aibu kuniambia nisubiri.

Mwalimu wa Kongwa

Shikamoo mama wa Mpwapwa, na pole sana kwa yaliyokupata. Nimeyasoma mara mbili na nimemsomea dada yangu kwa sauti. Ninyi nyote nawashukuru kutoka moyoni.

Nina maswali mawili yaliyobaki, hasa kwa dada muuguzi. La kwanza ni sauti. Ninafundisha darasa la watoto zaidi ya tisini, na pia naimba sauti ya kwanza katika kwaya ya usharika wetu. Je, sauti itabadilika moja kwa moja? La pili, kama koo likinishika tena wiki moja kabla ya tarehe, niende hivyohivyo au nitoe taarifa?

Muuguzi, wodi ya upasuaji, Dodoma Mjini

Nianze na la pili kwa sababu ni fupi: toa taarifa siku hiyohiyo. Koo lenye maambukizi mapya lina damu nyingi na halipasuliwi isipokuwa kwa dharura. Kwa kawaida daktari husogeza tarehe kwa wiki kadhaa. Kikohozi chenye makohozi na homa navyo visifichwe, kwa usalama wako wakati wa usingizi. Ukiwa na uwezekano wa kuwa na ujauzito, sema pia.

Nyuzi za sauti ziko chini zaidi, ndani ya koromeo, na hazikatwi katika upasuaji huu. Wiki za kwanza utasikika kama mtu mwenye kitu cha moto mdomoni, kwa sababu ya uvimbe na kwa sababu unaogopa kufungua koo. Hali hiyo huisha. Hata hivyo, nafasi iliyo nyuma ya kinywa huwa imepanuka, na waimbaji wengine huona mwangwi wa sauti umebadilika kidogo, mara nyingi ukiwa wazi zaidi. Mweleze daktari sasa kwamba unaimba. Kuzungumza kwa kawaida nyumbani hakuna ubaya tangu mwanzo. Kupaza sauti mbele ya watoto tisini ni kazi nyingine, na kwa hiyo nakushauri uombe karatasi ya mapumziko, ile ED, isiyopungua wiki mbili hata kama ni likizo, ili likitokea la kutokea usianze kuihangaikia ukiwa kitandani. Kwaya ipe mwezi mmoja au zaidi, na uanze kwa nyimbo za chini.

Hofu kwamba utabaki bila kinga, ambayo hukuiuliza lakini najua utaisikia mtaani, ijibu hivi: zipo tezi nyingine za namna hiyohiyo nyuma ya ulimi na nyuma ya pua zinazoendelea kulinda koo la mtu mzima.

Mwalimu wa Kongwa

Nimeelewa, na naandika haya yote kwenye daftari. Nitabaki Nkuhungu hadi siku ya kumi na tano. Jirani wa dada yangu ana bajaji na amekubali kuamshwa saa yoyote, na namba yake tumeibandika mlangoni pamoja na ya wodi.

Jana jioni nilimwonesha bibi kwa tochi na kioo, kinywa chake kwanza, kisha changu. Alikaa kimya muda mrefu akitazama kovu la pale jipu lilipotobolewa. Hakusema kwamba nilikuwa sahihi wala kwamba yeye alikosea. Aliuliza tu kama huko Nkuhungu kuna mlenda mbichi au abebe wa kukausha kutoka nyumbani. Nimemwambia abebe.